Mtoto akimtaja anko wa zamu: mwongozo kwa wasimamizi wa makao ya watoto

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla sijaanza kuzunguka kwenye makao ya watoto kufundisha wasimamizi. Mtoto anapomtaja "anko", yaani mlezi wa kiume wa kituo, kwamba amemdhalilisha au kumuumiza, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, tutajuaje kama mtoto anasema kweli?" Jibu langu huwakera wengi. Hiyo si kazi yako. Kuna polisi, kuna ustawi wa jamii, kuna daktari, kuna hakimu. Kazi yako ni kuhakikisha mtoto yuko salama usiku wa leo, maneno yake yamehifadhiwa kama yalivyotoka, na taarifa imetoka nje ya geti kabla hakujakucha.

Naandika kwa sheria za Tanzania Bara na kwa makao ya watoto, ila wenzetu wa zahanati na wa makazi ya wazee watakuta mengi yanawahusu pia.

Mtoto anaanzia jikoni

Usitegemee mtoto aje ofisini, avute kiti, akueleze. Anamwambia mpishi, au dada wa kufua, au yule baba wa bustani anayempa miwa. Kwa hiyo mafunzo yasiishie kwa walezi wenye vyeti. Mpishi naye ajue mambo manne: asikilize bila kushtuka usoni, asiahidi siri, asiulize maswali ya kumwekea mtoto maneno mdomoni, na akitoka hapo aje moja kwa moja kwa mtu mmoja aliyeteuliwa kupokea taarifa hizi. Jina na namba ya mtu huyo vibandikwe ukutani.

Suala la siri ndilo linalowashinda. Mtoto anasema "usimwambie mtu," na mtu mzima kwa huruma anajibu "haya, sitasema." Hapo umemfunga mtoto na umejifunga mwenyewe. Sema hivi: "Nitamwambia mtu mmoja tu, yule wa kutusaidia." Maswali yanayoruhusiwa ni yale yaliyo wazi: "Kisha ikawaje?" "Ulikuwa wapi?" Usiulize "Alikushika hapa?" na usithubutu kuuliza "Mbona hukusema siku zote?"

Halafu andika, muda uleule. Taarifa nyingi ninazokuta kwenye mafaili zimeandikwa hivi: "Mtoto amedai kufanyiwa vitendo vya ukatili na mtumishi tajwa hapo juu." Haina saa, haina mahali, haina sauti ya mtoto. Linganisha na hii:

"Saa 12:40 jioni, jikoni, tukichambua mchicha. Mtoto alisema: 'Anko anakuja na tochi taa zikizimwa. Ananiita stoo.' Nikamuuliza: 'Kisha ikawaje?' Akanyamaza, akaendelea kuchambua. Sikuuliza tena."

Chini weka jina, saini na tarehe. Mpishi asiyeandika vizuri aseme, mwingine aandike neno kwa neno, amsomee, naye aweke dole gumba. Na karatasi ya kwanza ndiyo karatasi. Usiinakili upya iwe safi, hata kama ina alama za mafuta ya kupikia.

Nasisitiza kwa sababu Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo, asiyezidi miaka 14, kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli na si uongo. Katika makosa ya kingono, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake. Sasa fikiria mtoto ambaye kabla ya kufika polisi ameshahojiwa na meneja, matroni, mchungaji na mwenyekiti wa bodi, kila mmoja kwa maswali yake. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo.

Na jambo moja lisifanyike hata mara moja: kumkalisha mtoto na anayetuhumiwa chumba kimoja "ili waseme mbele yetu." Ndilo ninalolikuta mara nyingi, na mtoto karibu kila mara hunywea.

Usiku uleule

Kama kuna dalili au maneno ya kuingiliwa au kuumizwa, anza na hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usimwogeshe. Nguo alizovaa usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki, kwa sababu mfuko wa nailoni unatunza unyevu na kuharibu ushahidi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa kituo cha polisi, ichukueni njiani mkiweza, lakini mtoto anayevuja damu hasubiri fomu. Kama hospitali yenu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, nendeni huko: daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, na mtoto haelezi habari yake mara tano. Msindikizaji awe mtu anayemtaka mtoto, si mwenye cheo kikubwa.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa vitendo, huyo ni afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Mpigie, kisha mtumie maandishi. Panapoonekana kuna jinai, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi; iandike kwenye faili lako pamoja na jina la askari aliyekupokea. Ukikwama, piga 116, simu ya mtoto, haina malipo. Kumwambia mwenyekiti wa mtaa peke yake hakutoshi, maana mara nyingi anachofanya ni kuitisha kikao.

Mtuhumiwa naye

Usiku huo hayupo zamu. Usimhamishe mtoto kwenda bweni lingine au kituo kingine ili anko abaki. Anayeondoka ni mtu mzima. Mwite mkiwa wawili, sema machache: "Kuna malalamiko yanayokuhusu. Yanashughulikiwa na mamlaka. Kuanzia sasa hutakuwa zamu, na barua utaipata." Usimtajie mtoto wala maelezo mpaka polisi na ustawi wakuambie lini na kiasi gani. Chukua funguo, na hapa hesabu vizuri. Watu wanachukua wa bweni wanasahau wa stoo, au wanachukua wa stoo bila kujua kuna nakala iliyochongwa mjini.

Barua ni ya kumsimamisha kazi kwa mshahara kamili wakati uchunguzi unaendelea. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinaruhusu hilo tuhuma zikiwa nzito. Andika wazi kwamba kusimamishwa si adhabu, kwamba asifike kituoni wala kuwasiliana na mtoto yeyote, na umtajie mtu mmoja wa kumpigia akiwa na swali. Wajumbe wa bodi hung'aka: "Tumlipe mtu wa namna hiyo?" Mlipeni. Hajathibitika. Tena mkimfukuza kesho asubuhi bila kumsikiliza, ataenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mtamlipa fidia kwa kukiuka utaratibu, na kule atakakoomba kazi tena atasema alishinda kesi dhidi yenu.

Kikao cha nidhamu kinakuja baadaye, kwa hati ya mashtaka iliyoandikwa, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na haki ya kuja na mwakilishi. Akishafikishwa mahakamani kwa kosa hilohilo, sheria ya ajira ina masharti yake kuhusu kumwadhibu kazini. Hapo lipia mwanasheria saa moja.

Utaratibu huu humlinda pia asiye na hatia. Namkumbuka mlezi aliyelalamikiwa kwamba anawavua watoto nguo usiku. Daftari la matibabu likaonyesha dawa ya upele iliyoandikwa na mganga, saa ya kupaka kila jioni, na saini ya mlezi wa pili aliyekuwepo. Ustawi walimaliza suala lake haraka na akarudi kazini. Bila saini ile ya pili angebaki na maneno yake tu.

Wanaotaka yaishe hapahapa

Watakuja. Ndugu wa mtuhumiwa na bahasha, mchungaji na neno la msamaha, mjumbe wa bodi anayeogopa mfadhili. Huna haja ya kubishana nao. Waambie suala limeshafika polisi na halmashauri, na wewe huna mamlaka ya kulirudisha. Ndiyo maana nataka taarifa itoke mapema: ikishatoka, shinikizo linakosa pa kukalia. Pagumu ni pale mtuhumiwa anapokuwa mwanzilishi mwenyewe, au mume wa meneja. Hapo ngazi ya ndani iruke kabisa, hata kama wewe ni dada wa kufua.

Kwenye makundi ya WhatsApp usiandike kitu, hata "tuombeane." Jina na picha ya mtoto vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mfadhili anatosheka na mistari miwili: kuna tukio, limeripotiwa kwa mamlaka. Mtuhumiwa akiwa mgeni wa kujitolea, waambie polisi siku hiyohiyo tarehe ya tiketi yake, maana ndege haisubiri upelelezi. Akishapanda, si mwisho. Marekani, kwa mfano, tangu 2003 ina sheria inayomwezesha mwendesha mashtaka wake kumfikisha mahakamani raia aliyemdhalilisha mtoto kingono nje ya nchi. Wajulishe ubalozi kwa maandishi.

Kisha kuna yule anayeandika barua ya kuacha kazi usiku huohuo. Wasimamizi wengi hushusha pumzi na kufunga faili. Pokea barua, faili libaki wazi, na mamlaka zijulishwe kwamba ameondoka. Cheti cha utumishi ni haki yake, nacho kinataja tarehe na kazi aliyofanya tu. Barua ya sifa ni jambo jingine. Nimewahi kushika mkononi barua iliyosema "ni mwadilifu na anapenda sana watoto," imesainiwa na mtu aliyejua kwa nini mwenye barua aliondoka. Ukiwa wewe ndiye unayeajiri, usiridhike na karatasi. Piga simu kituo alikotoka, uliza: "Mngemrudisha kulala zamu na watoto?" Kisha sikiliza anachukua muda gani kujibu.

Majibu yakirudi

"Haikuthibitika" haina maana kwamba mtoto amesingizia, na asiadhibiwe wala kuitwa mwongo bwenini. Mlezi akirejeshwa kazini, arejeshwe kwa barua, mbele ya wenzake, na zamu za usiku zibadilishwe ziwe za watu wawili, ufunguo wa stoo ukae kwa matroni. Mtoto naye aelezwe kwa lugha yake kilichoamuliwa. Hilo husahaulika kabisa. Wakubwa wote wanapata nakala ya barua, yeye anaona tu anko amerudi au hayupo. Aelezwe na yule aliyemwambia mara ya kwanza, hata kama ni mpishi.