Somo: Reli ndogo ya kupanga mabehewa kwenye ubao wa sentimita 130

Chumba changu hapa Ngamiani, Tanga, kina kitanda na kabati, basi. Treni ndogo ya mfano ya kuzunguka duara haienei humo. Ndiyo maana nikaupenda mchoro wa Mwingereza Alan Wright, uitwao Inglenook Sidings: pointi mbili (pale reli inapogawanyika), njia tatu, mabehewa manane na kichwa kimoja.

Hatua ya 1. Pima mabehewa kabla hujanunua reli. Yangu ni ya kipimo cha HO (1:87, yaani treni halisi imepunguzwa mara 87): behewa na kulabu zake sentimita 10, kichwa 12. Kata kadibodi za vipimo vyako, uzipange mezani.

Hatua ya 2. Chora. Njia ndefu ienee mabehewa 5, mbili fupi 3 kila moja. Upande wa pili wa pointi kuna mkia wa kuvutia, unaotosha kichwa na mabehewa 3. Kwangu mkia ni 42, pointi mbili 36, njia ndefu 50: jumla 128.

Hapa nisikilizeni sana. Mkia msiurefushe! Wangu wa kwanza niliuacha sentimita 70 kwa sababu ubao ulibaki, na mchezo ukafa. Nilivuta mabehewa matano kwa mpigo, sina la kufikiri. Nikaukata kwa msumeno. Ufinyu ndio unaokufanya ujiulize lipi litangulie na lipi likangoje kando.

Hatua ya 3. Plaiwudi ya milimita 12, ipigiliwe mbao chini isipinde. Kabla ya kukaza reli, sukuma behewa kwa mkono kwenye kila pointi, kwenda na kurudi. Likiruka, rekebisha hapohapo.

Hatua ya 4. Mandhari ni hiari yako. Mimi nimeweka ghala la mkonge, na marobota nimeyafunga kwa nyuzi za katani yenyewe.

Kucheza: anza na mabehewa matano njia ndefu, matatu njia fupi moja, nyingine tupu. Andika namba 1 hadi 8 kwenye mabehewa, na vilevile kwenye kete za bao; tia kete kikombeni, toa tano mojamoja. Mpangilio uliotoka ndio treni unayotakiwa kuiunda kwenye njia ndefu. Ipo mipangilio 6,720, yaani 8×7×6×5×4.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nina sentimita 80 tu.
Jibu: Marahaba mwanangu. Tumia kipimo kidogo zaidi, N (1:160), mchoro uleule utaenea kwenye sentimita 70 na kitu. Ukibaki na HO, hata ukipunguza utahitaji sentimita 98 kwa vipimo vyangu: njia za 3, 2 na 2, mkia wa kichwa na mabehewa 2, treni ya matatu kati ya matano. Mipangilio ni 60 tu, lakini kwa kujifunzia inafaa.

Swali: Kaka, reli yetu ya Tanga ni ya upana wa mita moja. HO ina milimita 16.5. Si uongo huo?
Jibu: Umeona mbali, dada. Hiyo 16.5 ni ya reli ya milimita 1,435. Mita moja kwa 1:87 ni kama 11.5, kwa hiyo anayetaka ukweli hutumia reli ya milimita 12. Mabehewa yake ni adimu na ghali. Mimi nimeridhika na 16.5.

Swali: Kichwa kinasitasita.
Jibu: Reli zimeshika uchafu, na upepo wetu wa bahari una chumvi. Futa kwa kitambaa na spiriti, magurudumu pia, kila kabla ya kucheza.