Kumpima mama mjamzito moshi anaouvuta: somo kwa wapimaji wenzangu wa Goma

Tunachotafuta ni vumbi jembamba, PM2.5, linaloingia puani mwa mama huyu mmoja. Kwa hiyo kipimo, pampu ndogo inayovuta hewa kupitia filta, anakivaa mwenyewe, saa 24.

Kwanza pima filta kwa mizani ya maabara. Ishike kwa kibanio, usiiguse kwa vidole. Kisha hakikisha pampu inavuta lita 1.5 kwa dakika.

Sasa mvalishe. Tundu la hewa likae karibu na mtulinga, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Usiondoke upesi. Mtazame akiinama kupepea makala (makaa) kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mtazame akimbeba mtoto mkubwa mgongoni: kikwembe kikipita begani kinaziba tundu, na kazi yote imepotea. Hamisha upande wa pili. Usiku kipimo kiwe kando ya kitanda, usawa wa kichwa.

Mwombe apike kama siku zote. Wengi wakisikia mgeni anakuja hutoa mbabula nje, na heshima hiyo hutuharibia kipimo.

Daftarini aandike: makala yamewashwa saa ngapi, mlango ulikuwa wazi, alipanda moto (pikipiki) kwenda soko la Birere.

Hesabu: lita 1.5 mara dakika 1,440 ni lita 2,160, yaani mita za ujazo 2.16. Filta ikipimwa tena ikiwa imeongezeka mikrogramu 108, gawa kwa 2.16, unapata mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa saa 24 usizidi 15.

*Yaya, siku moja inatosha?*
Hapana, mdogo wangu. Mvua na kiangazi havipikiwi mahali pamoja. Utafiti wa HAPIN, wa moshi wa majumbani, uliofika hata kwa jirani zetu Rwanda, ulirudia vipimo mimba ikiendelea kukua.

*Kipimo hiki kitaona mazuku?*
Hakitaona. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni. Filta hunasa vumbi tu.

*Makala yakiiva hayana moshi tena. Mama anaweza kuyaingiza chumbani apate joto?*
Asithubutu! Makala mekundu hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Inakalia nafasi ya oksijeni katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Ina kipimo chake, kivalishe pamoja na pampu. Ukikuta mbabula chumbani, itoe kwanza, ufungue dirisha, kupima kutasubiri.