Umechelewa kukata rufaa? Namna ya kuomba kuongezewa muda

Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba ya Tanzania inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Sheria Na. 8 ikalitia nguvu jambo hilo, kwa kanuni ambayo mawakili huiita ya oksijeni. Wengi waliochelewa huishika kanuni hiyo peke yake, na wanakwama. Katika shauri la Kijiji cha Mondorosi na Tanzania Breweries, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba haitumiki kuruka masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Ukitaja kifungu kisicho sahihi, mahakama yenye mamlaka inaweza kuagiza kirekebishwe. Lakini siku zilizopita hazisahihishwi hivyo; lazima uziombee.

Kwa hiyo usifungue rufaa kwanza. Rufaa iliyoletwa nje ya muda bila kibali hukataliwa, nawe unakuwa umepoteza wiki nyingine. Anza na maombi ya kuongezewa muda, pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli.

Hakikisha kwanza ni siku ngapi ulizokuwa nazo. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 45. Siku ya hukumu haihesabiwi.

Kiapo ndicho kinachobeba kila kitu. Shauri la Lyamuya Construction liliweka vigezo: eleza muda wote wa ucheleweshaji, muda huo usiwe mrefu kupita kiasi, na uonyeshe hukuzembea. Eleza siku kwa siku. Tuseme hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ilitolewa tarehe 2 Machi. Muda uliisha 1 Aprili. Ulilazwa kuanzia 20 Machi hadi 15 Aprili, ukafungua maombi 11 Mei. Cheti cha hospitali kinafunika kulazwa kwako, lakini kuanzia 16 Aprili hadi 10 Mei kuna siku 25 zisizo na maelezo, na hizo ndizo zinazoua maombi. Hata siku moja hudaiwa maelezo. Basi andika lini ulipata nafuu, lini ulimwona wakili, lini nyaraka zilikamilika, na uambatanishe ushahidi wa kila hatua.

Ukiandika kwamba karani alikuambia nakala ya hukumu haijawa tayari, karani huyo naye aape kiapo chake. Bila hivyo ni maneno ya kusikia. Afadhali barua yako ya kuomba nakala, yenye muhuri wa kupokelewa. Kiapo kibebe matukio tu. Hoja za kisheria zisubiri siku ya kusikilizwa. Tena, jambo lisilokuwamo kwenye kiapo haliokolewi na maelezo ya mdomo, kwa sababu hayo si ushahidi.

Kutojua sheria hakukubaliki kama sababu, na uzembe wa wakili kwa kawaida nao haukubaliki.

Kuna mlango mmoja zaidi: hukumu yenyewe kuwa na kasoro ya kisheria, kama vile mahakama kukosa mamlaka au upande mmoja kunyimwa haki ya kusikilizwa. Kasoro hiyo ionekane wazi kwenye kumbukumbu za shauri, bila kuhitaji hoja ndefu kuichimbua. Itaje ndani ya kiapo na uambatanishe hukumu, ukionyesha ukurasa ilipo.