Antena ya ndani Philadelphia: chaneli zote zimeingia, 6 imegoma

Juzi nimepigiwa simu na shemeji yangu anayekaa Northeast Philadelphia. Amenunua antena bapa, ile nyembamba kama karatasi ya kubandika ukutani, dola 40, na boksi lake limeandikwa HD kwa herufi kubwa na "maili 250". Chaneli hamsini na kitu zimeingia. Chaneli 6 hakuna. Na fainali za NBA, ligi ya kikapu, zinaonyeshwa mtandao wa ABC, ambao kwa hapa Philadelphia ndiyo hiyo hiyo 6.

"Shem, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Sikumcheka. Nilipohamia mji huu nami niliuziwa mbuzi huyo huyo, tena mara mbili. Basi naandika nilichomfanyia, kwa yeyote aliyechoka kulipia kebo.

Hatua ya 1: Angalia vituo vyako kabla hujatoa hela

Ingia kwenye tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, tafuta ramani za mapokezi ya DTV (televisheni ya dijitali), andika anwani yako. Itakuja orodha ya vituo. Vya kijani ndivyo vyenye nguvu. Sasa bonyeza jina la kituo usome namba ya "RF Channel". Hiyo ndiyo chaneli ambayo kituo kinarushia mawimbi kweli. Namba unayoiona kwenye skrini ni jina tu, kama daladala iliyobandikwa Mwenge huku inapita njia yake nyingine kabisa.

Ukishapata RF, itakuambia kituo kiko bendi gani ya mawimbi, na hesabu ni hii: 14 hadi 36 ni UHF, yenye mawimbi mafupi, 7 hadi 13 ni VHF ya juu, 2 hadi 6 ni VHF ya chini. Miji mingi ya Marekani vituo vikubwa viko UHF, kwa hiyo antena yoyote ndogo inavikamata. Kati ya vituo vikubwa, Philadelphia ina vichwa ngumu wawili: WHYY, ile 12 ya PBS (televisheni ya umma), iko RF 13, na WPVI, yaani 6, imebaki kwenye RF 6 mpaka leo. Ndiyo maana antena inayosifiwa na rafiki yako wa Dallas haikusaidii hapa.

Na maili 250 zipuuze. Dunia ni duara. Ukishavuka maili 60 au 70 mnara umeshazama nyuma ya upeo wa macho. Hilo neno HD nalo ni la kuuzia. Antena haijui HD ni nini, inakamata mawimbi tu. Iliyokuwa inafanya kazi kabla analojia haijazimwa Juni 12, 2009 inafanya kazi hata sasa.

Hatua ya 2: Nunua ya fimbo mbili

Ile ya kizamani: fimbo mbili za kuvuta, kipete katikati. Dola kumi na kitu. Isiwe na kikuza mawimbi cha umeme. Basi.

Hatua ya 3: Iweke dirishani

Dirisha la juu kabisa ulilonalo, upande wa Roxborough, mtaa wa hapa hapa Philadelphia, kwa sababu minara ya karibu vituo vyote vikubwa vya hapa imejazana kule. Usiiweke nyuma ya televisheni, wala juu ya radieta. Chomeka waya kaza kwa mkono. King'amuzi hakihitajiki, televisheni za huku zinacho ndani.

Hatua ya 4: Chaneli 6

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima mwaka ule, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

RF 6 iko megahezi 82 hadi 88. Mawimbi yake yana urefu wa mita tatu na nusu hivi, na antena inayopenda mawimbi hayo inataka kuwa nusu ya urefu huo. Antena bapa ya sentimita 30 haina pa kuyashikia. Vuta kila fimbo mpaka sentimita 85 hivi. Pima kwa futi ya fundi, usikisie. Kama fimbo zako hazifiki, zivute mpaka mwisho.

Halafu zilaze. Watu wengi huzisimamisha kama pembe za swala kwa sababu ndivyo zilivyo kwenye picha ya boksi. Zilaze kulia na kushoto ziwe mstari mmoja, na mstari huo uipe Roxborough ubavu. Usiielekeze ncha ya fimbo kwenye mnara. Upande wa ncha ndio antena haisikii.

Ukishazilaza, fungua kipimo cha mawimbi kwenye menyu ya televisheni uanze kusogeza, kidole kwa kidole. Wale tuliokua na mlingoti uani tunakumbuka: mmoja anazungusha nje, wengine ndani wanapiga kelele "bado, bado, hapo hapo!" Dijitali haiendi hivyo. Ukisogeza, toa mkono, rudi nyuma hatua mbili, hesabu mpaka kumi. Mwili wako wenyewe unavuruga mawimbi, na televisheni inachelewa kuonyesha mabadiliko. Mara ya kwanza nilipita pale penye picha labda mara tano bila kujua, kwa haraka yangu.

Bado inakatika vipande vipande? Usikimbilie kikuza mawimbi. Mimi nilikimbilia. Nilikuwa karibu na minara, kikalemewa, nikapoteza na zile chaneli zilizokuwa safi. Tena stesheni za FM zinaanza megahezi 88, mlango wa pili kutoka kwa chaneli 6, na kikuza mawimbi kinazikuza nazo. Kama uko karibu na mnara wa redio, nunua kichujio cha FM. Hakikisha kinaachia RF 6, maana vingine vinaikata nayo.

Na sasa jambo lililonila masaa manne: taa. VHF ya chini inasumbuliwa sana na balbu za LED za bei poa na chaja za simu. Picha yangu ilikuwa inatulia mchana na kuvunjika kila jioni. Nikalaumu hewa, nikalaumu waya, nikabadilisha waya. Mke wangu akazima taa ya jikoni aende kulala, na picha ikakaa sawa. Kuiwasha, vipande. Kuizima, safi. Kwa shemeji mkosaji alikuwa chaja iliyochomekwa soketi moja na televisheni. Chomoa vyote vya jirani, kisha rudisha kimoja kimoja.

Hatua ya 5: Tafuta chaneli

Kwenye menyu chagua "Antenna" au "Air". Ukiacha "Cable" utakesha. Utafutaji ukiiruka 6, andika 6 kwa rimoti hata hivyo. Televisheni nyingine zinaikamata ukiiita. Nyingine zinadai namba ya RF yenyewe. Kwa 6 bahati nzuri namba zote mbili ni moja.

Shemeji alipata picha saa tatu usiku. Fimbo ya kushoto imelala juu ya pazia na amewakataza watoto kuligusa. Ile bapa ameirudisha dukani, risiti alikuwa nayo.