Somo: Kutengeneza gitaa siku zinapokuwa nzito

Nilianza kutengeneza gitaa mwaka ambao kazi iliisha, na miezi michache baadaye nikamzika baba. Nilikuwa nalala saa mbili usiku, saa nane niko macho naangalia dari. Muziki haukunisaidia, maana mpaka leo napiga nyimbo mbili tu, na zote kwa kusuasua. Kilichonisaidia ni gundi. Ukibandika kitu leo, klampu haiondolewi mpaka kesho, na gundi ya mbao inataka kama saa 24 ikomae kabisa. Kwa hiyo kila usiku nililala nikijua kuna kitu kinanisubiri asubuhi.

Kabla ya hatua zenyewe, andika orodha mbili ubandike ukutani. Moja ni kazi za siku mbaya: kupiga msasa, kupanga mbao, kubandika vipande vidogo, kunoa patasi. Nyingine ni kazi za siku nzuri: kukata mifereji ya freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), kukunja mbavu (mbao nyembamba za ubavuni mwa gitaa), kuchonga shingo. Siku ambayo hujalala, usishike msumeno. Mimi nina kovu kwenye kidole gumba kwa sababu orodha hiyo niliiandika nimechelewa.

Hatua ya 1: Mbao
Tunatengeneza gitaa la nyuzi za nailoni, urefu wa uzi, yaani sehemu inayolia, milimita 650. Uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, uwe wa mbao nyepesi na kavu: sprusi au mwerezi, mistari yake imenyooka kuanzia juu mpaka chini. Mbavu na mgongo ziwe za mbao ngumu zaidi, na hapo usijitese sana. Fundi Mhispania Antonio de Torres alitengeneza mwaka 1862 gitaa ambalo mbavu na mgongo wake ni karatasi ngumu, akaweka ubao mzuri usoni tu, ili kuonyesha sauti inatoka wapi.

Hatua ya 2: Uso
Unganisha mbao mbili katikati, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Kingo zinyooke mpaka ukiziweka pamoja mbele ya taa usione mwanga ukipenya. Kisha punguza unene kwa randa na msasa mpaka milimita 2.5 hivi. Hii ni kazi ya siku mbaya hasa, maana inachukua siku kadhaa na haitaki akili. Kata tundu la milimita 85 hivi. Ndani bandika mataruma: vijiti vitano au saba vilivyotandazwa kama feni chini ya tundu, na viwili vinavyokatiza, kimoja juu na kimoja chini ya tundu. Gonga uso kwa kidole kabla na baada ya kubandika. Utasikia mbao inaanza kujibu.

Hatua ya 3: Kukunja mbavu
Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbavu ziwe na unene wa milimita 2, zisizidi. Unahitaji bomba la chuma lililofungwa imara na linalopata moto kutoka ndani. Tone la maji likiangukia bombani liruke na kutoweka. Likitulia na kuchemka, bado. Lowesha ubao lakini usiuloweke siku nzima. Kinacholainisha mbao ni joto. Maji kazi yake ni kuzuia isiungue na kupeleka joto ndani.

Anza na kiuno. Egemeza ubao kwenye bomba, bonyeza taratibu, usilazimishe. Utafika wakati mikono itahisi ubao umelegea wenyewe, kama mtu aliyekuwa amekaza mabega akashusha pumzi. Hapo ndipo unakunja. Ukitangulia, utasikia "ta!" na ubao umekatika. Mimi nilivunja mbavu tatu kabla ya kupata mbili. Ya tatu ilipovunjika nilikaa chini nikalia, na nadhani sikuwa nalilia ubao.

Hatua ya 4: Kuunga
Nilifuata njia ya Kihispania: shingo inabandikwa kwenye uso kwanza, mbavu zinaingia kwenye mifereji ya kisigino cha shingo (sehemu nene inapokutana na mwili), mgongo unakuja mwisho. Vipande vidogo vya kushikia mbavu na uso vibane kwa vibanio vya nguo. Kabla ya kufunga mgongo, andika kitu ndani kwa penseli. Hakuna atakayekisoma.

Hatua ya 5: Freti
Hesabu ni moja tu: gawa urefu wa uzi kwa 17.817. Kwa 650 unapata 36.48, na hapo ndipo freti ya kwanza inakaa kutoka kwenye nati, kijiti cha mfupa kilicho mwisho wa shingo. Urefu uliobaki ugawe tena kwa 17.817 upate hatua inayofuata: freti ya pili inaangukia 70.9, ya tatu 103.4. Ya 12 lazima ije 325 kamili, nusu ya uzi. Pima kila freti kutoka kwenye nati. Ukipima kutoka freti moja hadi nyingine, makosa madogo yanajumlishana na gitaa halitakuwa sawa hata ulikaze vipi.

Hatua ya 6: Daraja, rangi, nyuzi
Daraja ni kibao cha usoni kinachofungiwa nyuzi. Mfupa wake uwe milimita 325 kutoka freti ya 12, kisha uongeze kama milimita 2, kwa sababu uzi ukibonyezwa unavutika na sauti inapanda. Daraja libandikwe kwenye mbao tupu, si juu ya vanishi. Vanishi iwe nyembamba. Ukiijaza unaufunga uso mdomo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, somo safi. Mimi sina bomba, sina randa, nina msumeno na tupa tu. Nisubiri?
Usisubiri. Chukua sanduku dogo la mbao, upau mmoja wa shingo na nyuzi tatu. Hesabu ya freti ni ileile. Na mbao za zamani zisikutie aibu: Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, na baba yake walipotengeneza gitaa lake la umeme kuanzia 1963, shingo ilitoka kwenye mbao ya zamani iliyozunguka meko ya kuotea moto.

Fundi, nyuzi za chuma zinafaa kwenye gitaa hili?
Hapana. Nyuzi sita za nailoni huvuta jumla ya kilo 40 hivi, za chuma huenda 70 na zaidi. Daraja litang'oka, na shingo itapinda kwa kukosa chuma ndani.

Uso umepasuka kwenye kiungo baada ya wiki mbili. Nimelia.
Pole sana. Hewa imekuwa kavu kuliko siku uliyobandika. Magitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Liache kwenye hewa yenye unyevu ufa ujifunge wenyewe, ingiza gundi, kisha bandika kwa ndani vibao vidogo vinavyokatiza ufa.

Vumbi la mbao ngumu linaniwasha ngozi na kifua kinabana.
Acha kwanza. Mbao za jamii ya mpingo zinajulikana kwa kuleta mzio, na mzio huo huongezeka kadiri unavyorudia. Badilisha mbao, vaa barakoa, na kifua mwone daktari.

Mume wangu amefariki miezi minne iliyopita. Nipo hatua ya 3. Watoto wanasema nimejifungia na mbao, siongei nao. Ni vibaya?
Dada, pole kwa msiba. Sijui kama ni vibaya, ila najua kukunja mbavu kunataka mikono minne: mmoja anakunja, mwingine analowesha na kushika ncha. Mwite mmoja wao kesho, usimwambie chochote kuhusu kuongea, mpe kitambaa cha maji. Na kama kuna usiku unatamani usiamke, hilo usilipeleke kwa mbao. Mwambie mtu usiku huohuo, na mhudumu wa afya.

Nimemwita wa mwisho. Tumevunja ubavu mmoja. Alicheka mpaka akakaa chini.
Umebakiwa na ubao mwingine?

Mmoja.
Upunguze unene kidogo kwanza, uje 1.9.

Swali la kizushi, mkuu. Hilo la kwako la kwanza linalia vipi?
Uzi wa tatu kwenye freti ya tano una mlio wa debe. Freti ya sita imesimama juu kuliko jirani zake; ukiweka rula fupi juu ya freti tatu inachezacheza. Ni kazi ya dakika kumi na tupa. Nimeliacha hivyohivyo.