Kabla hujarudisha propela kwenye fowili ya zamani

Ukimwambia mtu arudishe propela shafti, lile bomba la chuma linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye difu, anawaza bolti nne huku, bolti nne kule, saa moja kazi imeisha. Na kweli kukaza hakuchukui muda. Shida ya propela ni kwamba inakubali kufungwa vibaya, bolti zinaingia zote, nati zinakaza, gari inaondoka kama kawaida, afu siku mbili tatu baadae unaanza kusikia mtetemo unaupeleka kwenye matairi. Kwa hiyo kazi yenyewe iko kabla, na nyingine iko kabla hata hujaishusha.

Alama kwanza. Shafti ikiwa bado juu, piga brashi ya waya kwenye flanji, ile sahani yenye matundu ya bolti, futa oili, afu weka alama kwenye flanji ya shafti na nyingine mkabala wake kwenye flanji ya difu. Fanya hivyo hivyo upande wa transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Alama ya tatu ndo watu wanaisahau, ile ya pale shafti inapotelezea, kwenye splaini, yaani ile sehemu yenye meno, alama moja kwenye bomba na moja kwenye yoki, ile uma inayoshika krosi. Tumia rangi au gonga kidogo na senta panchi. Usitumie chaki. Mimi nilitumia chaki, nikashika shafti na mikono yenye grisi, alama ikaondoka na kitambaa, nikachomoa splaini ili nisafishe na wakati wa kurudisha nikasema aah inaonekana hapa. Haikuwa hapa, ilikuwa meno mawili pembeni. Gari ikawa inatetemeka kuanzia spidi 60 hivi, nikabalansi matairi, nikabadilisha raba za injini, hela imeenda, kumbe ni meno mawili tu.

Sababu yake ni hii. Krosi, yaani kile kiungo cha msalaba kwenye ncha ya shafti, moja ikizunguka kwa pembe haitoi mzunguko laini, katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara 2 na kupunguza mara 2. Pembe ikiwa digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini, ambayo ni ndogo, lakini ikifika digrii 20 inakuwa asilimia 6 na kitu, na fowili iliyonyanyuliwa springi haiko mbali sana na huko. Krosi ya upande wa pili ndo inafuta huo mchezo, ila inaufuta pale tu yoki mbili za shafti zikiwa zimekaa mstari mmoja na pembe za juu na chini zikiwa zinalingana. Laza shafti sakafuni uangalie kwa jicho moja kama unanyoosha mbao, masikio ya yoki ya huku na ya kule yanatakiwa yalale sawa.

Lakini hapo usikimbilie kurekebisha kila unachokiona. Kuna magari ambayo kiwandani walizipishanisha makusudi, shafti ya mbele ya Land Cruiser 80 ni mfano, yoki zake zimepishana na ndivyo inavyotakiwa. Na kuna zenye krosi mbili zimefungwa pamoja upande mmoja, hizo hesabu yake ni nyingine. Upande mwingine gari ya zamani imeshapita mikono mingi, inawezekana uliyoikuta ndo imefungwa vibaya na aliyekutangulia, kwa hiyo alama zako zinakuonyesha ilivyokuwa tu, ilivyotakiwa kuwa utaitoa kwenye kitabu cha gari yako.

Jambo la pili linaweza kuua kabisa. Land Rover za zamani, baadhi ya Suzuki ndogo za zamani zile za Sierra, na baadhi ya Land Cruiser za zamani hendibreki yake haiko kwenye matairi, iko kwenye drami nyuma ya transfa. Maana yake hendibreki inashika propela, na propela ndo inashika matairi ya nyuma. Ukifungua propela ya nyuma hendibreki imebaki inashika hewa. Kuacha gari kwenye gia nako hakukusaidii, njia ni ile ile umeshaikata. Kwa hiyo sehemu tambarare, kabari mbele na nyuma ya matairi, na kabari ziwekwe kabla ya bolti ya kwanza kulegea na zisitoke mpaka ya mwisho imekazwa. Kama unanyanyua tairi ili uzungushe shafti ufikie bolti za juu, weka stendi chini ya eksoli, jeki peke yake usiiamini hata kidogo.

Shafti ikiwa chini angalia mambo ambayo ikiwa juu huyaoni. Shika kila krosi uikunje pande zote mbili, inatakiwa iende laini bila kukwama sehemu na bila kucheza. Ikikwama katikati kama inaingia kwenye kishimo, sindano za beringi zilizo ndani yake zimeshachimba njia, hiyo haiponi kwa grisi. Angalia bomba kama lina kibonyeo cha jiwe. Vile vipande vidogo vya bati vilivyochomelewa kwenye bomba ni vya balansi, usivibandue ukidhani ni uchafu. Afu shika flanji ya difu uitikise juu chini, ikicheza au oili sili inavuja ni wakati wa kushughulika nayo sasa hivi, maana ukishafunga shafti utaifungua tena wiki ijayo.

Kama unabadilisha krosi kuna kitu kimoja kinawatesa watu sana. Unabonyeza kikombe cha beringi kwenye vaisi, kinaingia, kinasimama milimita moja au mbili kabla ya mfereji wa saklipu, ile pete inayokizuia kisitoke. Mtu anachukua nyundo. Acha nyundo. Mara nyingi sindano moja imeanguka imelala chini ya kikombe, na ukigonga unaivunja na kikombe kinaharibika. Toa, hesabu sindano, zipange tena kwenye grisi nzito inayozishika ukutani, na krosi uiweke katikati ikiwa imeingia kidogo kwenye vikombe vyote viwili wakati unabonyeza. Na nipeli ya grisi ielekee upande ambao bomba la grisi litafika gari ikiwa imefungwa, hili unalikumbuka ukishamaliza.

Grisi kwenye krosi pampu mpaka itoke mpya kwenye vikombe vyote vinne. Kwenye splaini ni kinyume, huko usijaze. Ukipampu sana grisi inabaki imefungiwa ndani, springi zikibonyea shafti inataka ifupike inashindwa, inasukuma beringi za transfa na difu. Pampu kidogo, ukiona shafti imeanza kurefuka yenyewe umeshazidisha.

Bolti zipange kabla hujaenda chini. Za Land Rover za zamani ni za inchi, spana yake 9/16, ukilazimisha ya milimita utakula kona za nati na huko ndani nafasi ya kuhangaika hakuna. Nati za nailoni nunua mpya, ya zamani ukiizungusha kwa vidole ikaenda yenyewe hiyo imekwisha. Bolti usibadilishe na yoyote uliyoikuta kwenye kopo, hizi ni ngumu kuliko za kawaida. Nyuso za flanji ziwe chuma kitupu, rangi au kutu kidogo tu inafanya shafti ikae upande.

Kwenye kufunga shafti isining'inie upande mmoja, inaumiza krosi, ifunge na waya au pata mtu ashike. Kwenye gari nyingi bolti hazipiti ukishasogeza flanji zikagusana, yoki inazuia, zitangulize. Zishike zote kwa mkono kwanza, afu kaza kwa mkato, yaani bolti moja na inayotazamana nayo, halafu toki renchi, ile spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kipimo cha gari yako.

Ukimaliza piga mstari wa rangi unaovuka kila nati na flanji. Endesha polepole kwanza, ongeza spidi, sikiliza. Mlio wa "ko" ukiachia klachi ni kitu kulegea au krosi kucheza, mtetemo unaokua na spidi rudi kwenye alama zako. Kesho yake ingia chini na tochi, mstari uliokatika unakuonyesha nati gani imezunguka.