GRE kwa aliyezoea mitihani ya kuonyesha njia

Ninawaandaa watu kwa GRE, mtihani wa kompyuta ambao baadhi ya vyuo huutaka kwa waombaji wa shahada za juu, hapa Dar es Salaam, wengi wao wahandisi na walimu wanaoomba uzamili na uzamivu Marekani. Wanaopata alama za chini mara nyingi hesabu wanaijua. Tatizo ni kwamba mtihani wa taifa uliwalea kuonyesha njia, na kwamba hata jibu likikosewa, njia huokoa alama mbili tatu. Kwenye GRE njia haina alama. Kuna jibu na kuna saa.

Hatua ya 1: Hakikisha unauhitaji. Programu nyingi zimeuondoa au zimeufanya hiari, kwa hiyo soma masharti ya programu yenyewe kabla ya kulipa. Ukijisajili, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Dada mmoja niliyemfundisha alirudishwa mlangoni: alijisajili kwa jina la baba, pasipoti ina jina la mume. Miezi minne ya kukesha, na hakukaa hata kwenye kiti.

Hatua ya 2: Anza na jaribio zima. Watunzi wa mtihani, ETS, wanatoa majaribio ya bure yaitwayo POWERPREP. Fanya moja kabla hujafungua kitabu chochote, jingine liweke hadi wiki mbili za mwisho. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa kuwa saa 1 na dakika 58: insha moja ya dakika 30, sehemu mbili za lugha, mbili za hesabu. Hesabu ya kwanza ina maswali 12 kwa dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26.

Hatua ya 3: Fungua daftari la makosa. Hapa ndipo alama zinapopanda, na ndipo watu wanapovivia. Kila swali ulilokosa, andika sababu moja: sikujua kanuni, nilisoma vibaya, au muda uliniishia. Usiandike “uzembe”, hilo halikuambii ufanye nini kesho. Baada ya siku kumi lirudie swali hilohilo bila kutazama jibu. Ukilikosa tena, bado hujalielewa, hata kama maelezo yake uliyasoma ukaitikia kwa kichwa.

Hatua ya 4: Zoea maswali ya kulinganisha. Chukua hili: x² = 49. Kiasi A ni x, Kiasi B ni 7. Kipi kikubwa? Wengi hujibu “vinalingana”. Lakini x inaweza kuwa –7, kwa hiyo jibu ni kwamba haiwezi kujulikana. Mahali pa x jaribu sufuri, 1, sehemu kama nusu, na namba hasi, ilimradi masharti ya swali yanaruhusu. Zikikupa matokeo mawili yanayopingana, swali limekwisha, bofya uende. Usikokotoe kitu ambacho hujaulizwa.

Hatua ya 5: Jifunze kuruka. Ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo usizamie swali moja mapema. Dakika mbili zikipita hujaona mwanga, chagua jibu lolote, weka alama ya kurudi, songa mbele. Jibu baya halikatwi alama, na ndani ya sehemu ileile unaweza kurudi. Wanafunzi wangu huona aibu kuliacha swali. Iache hiyo aibu nyumbani.

Hatua ya 6: Lugha. Orodha za maneno magumu zina faida, ila hofia zaidi maneno unayodhani unayajua. “Qualify” mara nyingi humaanisha kuiwekea kauli mipaka; “check” humaanisha kuzuia. Kwenye maswali ya kujaza nafasi tatu zilizoachwa wazi, ukikosa moja umekosa swali zima. Mada za insha zimechapishwa na ETS wenyewe: andika moja kila wiki, ukijipimia dakika 30.

Hatua ya 7: Panga tarehe ukihesabu kurudi nyuma. Kurudia mtihani kunaruhusiwa baada ya siku 21, na matokeo rasmi huchukua kama siku 8 hadi 10. Maombi yakifungwa Desemba 1, fanya kabla ya Oktoba 20. Hapo ukihitaji kurudia, muda bado unao.